Maana na matumizi ya neno 'iffy'

Neno la Kiingereza 'iffy', ambalo hutumiwa zaidi katika mazungumzo, limetokana na kiunganishi 'if', yaani 'kama' au 'iwapo'. Lina maana mbili. Safari 'iffy' haina hakika: huenda ikawepo, huenda isiwepo. Nyama 'iffy' nayo inatiliwa shaka, mnunuzi atasema, "Aka! Hii sina imani nayo."

Kiswahili pia kimegeuza kiunganishi vivyo hivyo: 'walakini' ni sawa na 'lakini', na vilevile ni nomino yenye maana ya kasoro. Hata hivyo, 'ina walakini' inafaa maana ya pili tu. Mwanahabari anayetafsiri kauli kwamba zabuni fulani ni 'iffy' sharti aamue: 'haijathibitishwa' haimlaumu mtu, 'ina walakini' ni shutuma. Asipoupima muktadha, atamtwika mtu lawama asiyostahili.