Mkono Kabla ya Mkwaruzo: Uhakiki wa Mwigo wa Gitaa la James Hetfield

Kila mtunzi huanza kwa kuiga. Mwenye kupenda ushairi humwiga malenga, na mpiga gitaa humwiga mpiga gitaa mwenzake. Makala haya yanahakiki mwigo mmoja: jitihada za vijana wengi, nikiwemo mimi, za kuipata sauti ya gitaa la ridhimu la James Hetfield katika albamu ya Metallica iitwayo Master of Puppets (1986). Hoja yangu ni kwamba tunakimbilia mkwaruzo wa amplifaya na kuuacha mkono, ilhali sauti ile imejengwa na mkono.

Tuanze na kinachosikika. Magitaa ya albamu hii ni mazito, lakini hayakokoti. Katika wimbo unaobeba jina la albamu, wenye zaidi ya dakika 8, Hetfield hupiga nyuzi kwenda chini tu, pigo baada ya pigo, kwa kasi ambayo wengi wetu tungelazimika kuchanganya chini na juu. Ukingo wa kiganja chake cha kulia hulala juu ya nyuzi na kuukata mlio kabla haujasambaa. Kwa hiyo kila pigo lina mwanzo na mwisho, na ukimya ulio kati ya pigo na pigo ni sehemu ya ridhimu, kama pumziko lilivyo sehemu ya mshororo.

Ni kweli kwamba vifaa vina mchango. Albamu ilirekodiwa katika studio ya Sweet Silence mjini Copenhagen, pamoja na mtayarishaji Flemming Rasmussen, na amplifaya inayotajwa sana ni Mesa/Boogie Mark IIC+. Katika amplifaya hii, vitufe vya besi na sauti za juu hufanya kazi kabla ya mkwaruzo kuongezwa. Mpigaji anaweza kupunguza besi mapema ili mkwaruzo usivurugike, kisha akairudisha mwishoni kwa swichi za kusukuma juu na chini. Swichi hizo ni 5, na wapigaji wengi huzipanga kwa umbo la herufi V: ya katikati chini, za pembeni juu. Zaidi ya hayo, Hetfield alirekodi ridhimu ileile zaidi ya mara moja, ikawekwa kushoto na kulia. Ukubwa tunaoudhani ni wa mkwaruzo ni wa mtu mmoja aliyeweza kujirudia bila kuteleza.

Mwigo wetu hushindwa hapo. Nilipojaribu chumbani kwangu hapa Kampala, kwa gitaa la kuazima na programu ya kompyuta, nilipandisha mkwaruzo hadi mwisho na kuzizika sauti za kati. Nikiwa peke yangu, nilijiona shujaa. Siku tuliyofanya mazoezi na mpiga dramu na mpiga besi, gitaa langu lilitoweka. Besi ilichukua chini, matoazi yakachukua juu, na katikati, mahali pa gitaa, nilikuwa nimepafuta mwenyewe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Aibu kubwa zaidi ilikuja nilipopunguza mkwaruzo karibu nusu. Mkwaruzo mwingi hulifanya pigo dhaifu lilingane na pigo imara, hivyo huficha makosa. Ulipopungua, nilisikia kwamba mkono wangu ulikuwa ukichelewa, na kwamba kiganja kiliachia nyuzi ovyo. Miezi yote ile nilikuwa nimejifunza kujificha.

Msomaji anaweza kupinga kwamba Metallica wenyewe walizichimba sauti za kati. Ni kweli, na albamu yao ya 1988, ...And Justice for All, inaonyesha gharama yake. Magitaa yake ni makavu na makali, na besi ya Jason Newsted karibu haisikiki. Ubaridi huo unaifaa albamu inayolalamikia haki iliyopotoshwa. Hata hivyo, inasimama kwa sababu mapigo yenyewe ni sahihi kama msumeno. Ukiichukua sauti hiyo bila usahihi huo, unabaki na kelele.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaijua hali hii. Mara ngapi tumerundika misamiati ya kale katika shairi, tukadhani tumekuwa malenga, kumbe mizani imepinda? Msamiati mgumu ni mkwaruzo wetu. Anayetaka kumwiga Hetfield, basi, apunguze mkwaruzo, arudishe sauti za kati, apige polepole kwenda chini, na ajirekodi mara mbili. Nakala hizo mbili zikipishana, tatizo haliko kwenye amplifaya. Mimi bado zangu zinapishana, ila sasa nasikia wapi.