Santuri, Redio na Mapenzi ya Mambo ya Kale

Mambo yaliyopita yana mvuto mkubwa juu ya moyo wa mwanadamu. Mzee akiisikia santuri ya ujana wake, uso wake hukunjuka, na papo hapo husema kwamba muziki wa leo hauna ladha. Kijana amsikiaye ama huamini, ama hucheka. Wote wawili wamefanya haraka: aaminiye amekubali bila ya kupima, na achekaye amekataa bila ya kusikiliza. Hatuna budi kuuliza: je, utamu huo umo katika chombo, katika wimbo, au katika kumbukumbu za msikilizaji?

Tuanze na chombo. Gramafoni ya zamani haikuhitaji umeme. Ilitiwa ufunguo kwa mkono kama saa, ikawekewa sindano ya chuma, na sahani ikazunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulidumu dakika 3 hivi. Kisha mtu aliinuka, akaigeuza sahani, na aghalabu akabadili sindano pia, kwa kuwa sindano iliyochakaa huharibu michirizi. Sahani yenyewe, iliyotengenezwa kwa utomvu wa wadudu, ilivunjika kama kigae ikianguka. Kwa hiyo kusikiliza kulikuwa na adabu yake. Wimbo ulichaguliwa kabla ya kupigwa, watoto walikatazwa kugusa, na waliokuwapo walinyamaza. Hii ni sifa ya kweli. Kitu kilichopatikana kwa taabu kidogo hupokewa kwa masikio yote mawili.

Lakini chombo si wimbo. Mfano ulio bora kwetu ni wa Siti binti Saad wa Unguja. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wenzake walivuka bahari hadi Bombay, nchini India, wakarekodi nyimbo zao katika santuri. Kabla yake, taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, na santuri zikaipeleka sauti yake mahali ambapo miguu yake haikufika. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alituandikia maisha yake, lakini ni santuri iliyotuachia sauti yake.

Hata hivyo, santuri ilitoa kwa mkono mmoja ikanyang'anya kwa mwingine. Taarabu ni shughuli ya usiku mrefu. Mwimbaji hurudia kibwagizo, wasikilizaji huinuka kumtuza, na wimbo hurefuka kwa kadiri ya furaha ya waliohudhuria. Dakika 3 haziwezi kuyabeba hayo yote. Tukiisifu santuri kana kwamba ndiyo taarabu yenyewe, tutakuwa tumesifu kivuli na kumsahau mwenye kivuli. Na ile mikwaruzo ambayo wengine huipenda leo haikuwa sehemu ya sanaa. Wapigaji wale walitaka kusikika wazi.

Liko jambo lililo zito zaidi. Mapenzi ya mambo ya kale huweza kutuziba masikio. Wimbo wa "Kijiti", ulio mashuhuri miongoni mwa nyimbo za Siti, wahusu mwanamke aliyeuawa na haki iliyopotoka. Ni wimbo wa malalamiko. Leo mtu aweza kuusikiliza akiwa ameegemea kiti, akatabasamu na kusema kwamba siku zile zilikuwa njema. Mtu huyo ameipenda sauti na kuikataa habari yake.

Redio nayo ipimwe kwa mizani hiyo hiyo. Matangazo yalianza Nairobi mwaka ule ule wa 1928, lakini yalikuwa ya Kiingereza na yaliwalenga walowezi. Mwafrika alikuja kupewa nafasi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baadaye redio ilipoenea, jamaa na majirani waliizunguka moja, kwa saa iliyojulikana. Waliotuma kadi za salamu walingoja kwa hamu siku ya kusomwa majina yao.

Mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", kikadumu kwa zaidi ya miaka 50. Alieleza tabia fulani ya watu, kisha akawaachia wasikilizaji swali. Hakuwa na picha ya kuonyesha. Sauti na swali vilimtosha. Swali hilo liliangukia katikati ya sebule, mbele ya baba na mtoto, na mabishano yaliweza kuendelea hata baada ya redio kuzimwa. Ubora wa kipindi hiki haukutokana na ukale wake, bali na jinsi kilivyowafikia watu wakiwa pamoja na kuwataka wafikiri. Lakini tusiifiche kasoro ya redio ya siku zile. Ilisema pasipo kujibiwa, na hadi miaka ya 1990 sauti ya shirika la serikali ilikuwa karibu peke yake hewani nchini Kenya.

Basi hukumu yetu iwe hii. Utamu wa santuri na redio za kale si ndoto ya wazee. Upo, ila makao yake makubwa ni katika namna ya kusikiliza: kuchagua, kungoja, kunyamaza, kisha kuzungumza. Vyombo vile viliwalazimisha watu wasikilize hivyo. Simu ya mkononi, yenye maelfu ya nyimbo, haimlazimishi mtu. Imemwachia hiari, na hiari ni mzigo mzito kuliko sheria.

Wewe usomaye waweza kuijaribu hukumu hii nyumbani. Chagua wimbo mmoja, wa kale au wa leo. Keti na mwenzako, muusikilize tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kushika kazi nyingine, kisha mwulizane umesema nini na umesemaje. Mkiuona mzuri, usifuni kwa sababu mnazoweza kuzitaja. Mkiuona mtupu, semeni hivyo kwa adabu, hata kama ndio wimbo aupendao babu.