Kitabu cha Guéranger juu ya Mwaka wa Kanisa

Miongoni mwa vitabu vya tafakari vinavyofuata mwaka wa Kanisa, tangu Majilio hata Dominika za mwisho baada ya Pentekoste, vichache vimesomwa na kuigwa kama L'Année liturgique cha Abate Prosper Guéranger. Juzuu ya kwanza, ya Majilio, ilitoka mwaka 1841. Mwenyewe aliandika juzuu tisa, akafariki mwaka 1875 kabla ya kuumaliza mwaka. Mtawa wake, Lucien Fromage, akaendelea mpaka zikatimia juzuu 15. Nyumbani kwa baba yake Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu kilisomwa jioni mbele ya watoto. Hata leo mwalimu atayarishaye mahubiri huenda akatumia fikira za abate huyu asijue zimetoka kwake. Kwa sababu hiyo yafaa tukipime.

Guéranger alianzisha upya maisha ya Kibenedikto huko Solesmes mwaka 1833, wakati ambapo majimbo mengi ya Ufaransa yalikuwa na vitabu vyao vya Misa na sala, visivyolingana na vya Roma. Alivipiga vita maisha yake yote, na makovu ya vita yaonekana katika kitabu. Mara kwa mara aacha Injili ya siku ili agombane na watu ambao sisi hatuwajui wala hawatudhuru. Kurasa hizo zipitwe upesi.

Lakini kuna jambo alilolifanya vizuri kupita wengi. Katika utaratibu wa zamani watu walisikia Injili katika Misa, na Agano la Kale kwa Dominika halikusomwa sana. Watawa, katika sala yao ya usiku, walikuwa wakianza kitabu cha Mwanzo wiki ya Septuagesima: kwanza Adamu, kisha Noa katika Sexagesima, kisha Ibrahimu katika Quinquagesima. Guéranger alikifungua kitabu cha watawa mbele ya watu wa nyumbani, akaweka masomo hayo karibu na Injili. Basi Dominika ya Quinquagesima msomaji amwona Ibrahimu akiambiwa aiache nchi yake, na siku hiyohiyo amwona kipofu wa Yeriko akiomba kuona. Mmoja aondoka asijue aendako. Mwingine apewa macho, na kazi ya kwanza ya macho yake ni kumfuata Yesu katika njia ya Yerusalemu, yaani njia ya mateso. Maandiko haya hayakuandikwa pamoja, lakini siku moja imeyaketisha juu ya mkeka mmoja, nayo yaanza kuzungumza. Mhubiri ajuaye kusikiliza mazungumzo hayo hana haja ya hadithi za kupamba.

Kasoro kubwa i katika Noeli. Guéranger, akifuata mababa kadha wa Kanisa, aona fumbo katika tarehe yenyewe: usiku umefika upeo wa urefu wake, sasa mchana waanza kukua, na Kristo azaliwa kama jua lishindalo giza. Ni fikira nzuri kwa mtu wa Solesmes mwenye theluji mlangoni. Niliwahi kuisikia ikihubiriwa katika kanisa moja la pwani, neno kwa neno, na waamini wakijipepea kwa vitabu vya nyimbo. Huku kwetu, kusini ya ikweta, mwisho wa Desemba mchana haukui, bali waanza kupungua. Na tofauti ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka, kwa Bagamoyo au Unguja, haifiki saa moja. Kaskazi yavuma, jua ni kali, na kivuli ndicho kitamaniwacho. Msikilizaji mwenye akili atauliza: je, Bwana alizaliwa kwa ajili ya watu wa kaskazini tu? Mfano unaokanushwa na dirisha la kanisa wadhoofisha hata kweli uliokuja kuisaidia. Wala simlaumu abate, aliwaandikia wake. Namlaumu afasiriye bila kutazama nje.

Tena lugha yetu yatupa mali ambayo yeye hakuwa nayo. Ili kueleza Majilio, Guéranger atumia mafundisho ya Mtakatifu Bernardo juu ya majilio matatu: katika mwili, katika roho ya mtu, na katika hukumu. Neno la Kilatini lasema kufika tu. Neno letu limetokana na kuja, nalo limebeba kiungo cha kutendea: ajaye amjia mtu. Mwalimu akiwauliza wakatekumeni, "Amjilia nani?", nusu ya fundisho la Bernardo imekwisha kuelezwa.

Kalenda iliyoanza kutumika mwaka 1970 iliondoa Septuagesima, na masomo ya Dominika yakapangwa kwa miaka mitatu, A, B na C. Wengine wasema kitabu hiki kimezeeka kwa sababu hiyo. Naona kinyume. Alichokitafuta Guéranger katika sala ya usiku sasa chasomwa mbele ya wote, kwa kuwa katika Dominika nyingi somo la kwanza limechaguliwa lielekee Injili. Tazama Dominika ya tatu ya Kwaresima, mwaka A. Wana wa Israeli wamgombeza Musa kwa kiu, na maji yatoka mwambani. Kisha mwanamke Msamaria aja kisimani. Hapo hatuna haja ya theluji ya mtu. Mara nyingi siku hizo pwani yangoja masika, na visima vimeshuka.

Tena Yohane ataja saa ya sita. Mzungu hulazimika kuelezwa kwamba ni adhuhuri; Mswahili asikia saa sita, akajua mara moja jua liko wapi. Ajua pia kwamba huo si wakati wa kuteka maji, maana wanawake huenda alfajiri na jioni, wakiwa pamoja. Kabla mhubiri hajasema lolote, akina mama wa benchi za nyuma wamekwisha kujiuliza kwa nini huyu amekuja peke yake.