Maji Yasiyo na Ujazo

Mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili akaaye Korogwe, alitumia siku kadhaa za likizo yake kujenga ndani ya mchezo wa Minecraft mto Pangani pamoja na bomba kuu liyapelekalo maji yake Handeni, lile ambalo wenyeji hulijua kwa herufi zake tatu, HTM. Alichonga bonde, akautandaza mto, akainua vilima vya Uzigua kwa matofali ya udongo na mawe, kisha akachimba mfereji ulionyooka kama uzi, na mwanzoni mwa majaribio yake akautoboa ukingo wa mto. Maji yakaingia. Yakaenda tofali la kwanza, la pili, la tatu, huku kimo chake kikipungua mithili ya ngazi, hata yalipofika la saba yakakoma, wala mbele yake hapakuwa na kizuizi cho chote. "Mjomba," akasema, "maji yamegoma, na mfereji hauna tundu."

Haikuwa taksiri ya mfereji wake, wala ya kompyuta, bali ndiyo asili yenyewe ya maji ya mchezo huo, nayo yastahili kuelezwa kwa kituo, kwa kuwa kasoro nyingi ambazo wachezaji huzilalamikia katika maji hayo zimechipuka katika shina hilo moja. Dunia ya Minecraft imekatwa katika michemraba ya mita moja kila upande, na katika kila mchemraba wenye maji programu haiandiki lita wala debe. Huandika daraja tu. Chanzo hupewa nambari 0. Mchemraba ulio ubavuni mwake hupewa 1, unaofuata 2, na hivyo hivyo hata 7, na baada ya 7 hakuna daraja, kwa hiyo hakuna maji. Kila mchemraba humtazama jirani yake, ukajipa cheo kilicho chini ya chake kwa hatua moja, na hesabu hiyo hufanywa baada ya kila mapigo 5 ya saa ya mchezo, ambayo hupiga mara 20 kwa sekunde, ndiyo maana maji hutembea michemraba 4 kwa sekunde, yawe katika korongo la mlimani ama katika tambarare. Lava nayo hufuata kanuni ile ile, ila katika ulimwengu wa kawaida hushuka daraja mbili mbili na kungoja mapigo 30, basi haifiki zaidi ya michemraba 3.

Lakini pana mlango wa kutokea, na mpwa wangu aliugundua mwenyewe kabla sijamaliza maelezo. Maji yakiporomoka, hata kwa kimo cha tofali moja, daraja husahauliwa. Yakitua chini huanza upya kana kwamba yametoka chanzoni, yakapata hatua nyingine saba. Tena maji hayo yana hisi ya kuutafuta mteremko: likiwapo shimo la karibu, ndani ya matofali manne hivi, huacha pande nyingine zote yakalielekea hilo. Akauchimba mfereji wake upya kwa vidaraja, kimoja kila baada ya matofali saba, na maji yakaenda mbali kadiri alivyokuwa na mteremko wa kuyapa. Nami nilimwonyesha jambo ambalo hakulitambua: kwamba aliugawa mfereji huo matawi manne, na kila tawi likachukua maji kamili, bila ya tawi lo lote kumpunguzia mwenziwe. Mkulima wa mpunga wa Mombo, ambaye kwake kuufungua mlango wa jaruba ni kuyapunguza maji ya jirani aliye chini yake, na ambaye kwa sababu hiyo huungoja mwagilio kwa zamu, angestaajabu kuona mfereji usiojua kugawanyika.

Ajabu kubwa zaidi ni ile ya kisima. Chimba shimo la matofali mawili kwa mawili, mimina ndoo moja katika pembe hii na ndoo ya pili katika pembe inayoielekea, na mara pembe mbili zilizobaki hugeuka vyanzo kamili. Maana kanuni yasema kuwa maji yatiririkayo, yakipakana ubavuni na vyanzo viwili, na chini yake pakiwa na kitu kigumu au chanzo kingine, nayo huwa chanzo. Tangu hapo teka utakavyo. Mama yangu, aliyezaliwa Handeni na aliyechota katika lambo miaka yote ya usichana wake, alikuwa ameketi nyuma yetu akichambua mchele, akamwona mjukuu wake akijaza ndoo ya kumi, ya ishirini, na shimo liko vile vile.

"Hayapungui?" akauliza.

"Hayapungui, Bibi."

Akauweka ungo chini, akautazama uso wa maji yale ya buluu kwa muda. "Na kisima hicho," akasema, "ni cha nani?"

Swali hilo ndilo kiini cha uchambuzi huu, maana mahali ambapo maji hayana kiasi hayawezi kuwa na mwenyewe, wala zamu, wala bei kwa dumu. Wala mtu asidhani kuwa watengenezaji walighafilika. Mswidi Markus Persson alipoutoa mchezo huu mara ya kwanza, Mei 2009, maji yake hayakuwa hata na daraja: tofali moja la maji lilitambaa pande zote na chini bila ya kudhoofika, likafurikisha kila uwanda uliokuwa sawa nalo au chini yake, hata ikabidi wachezaji wapewe sifongo ya kuyaondoa. Daraja nane zilikuja mwaka 2010, nazo zilikuwa sulhu baina ya gharika na ukame. Kuyahesabu maji kwa lita kungeilazimu mashine kujua habari za bwawa zima kila yanapotekwa kikombe kimoja, ilhali kwa kanuni ya daraja kila mchemraba hutosheka na habari za jirani zake sita. Naona uamuzi huo ulikuwa wa hekima, kwani uliwezesha kompyuta dhaifu kubeba bahari nzima. Mchezo mwingine wa namna hiyo, ulioanzishwa na Mfini Perttu Ahola mwaka 2010 na ambao tangu 2024 huitwa Luanti, ulilazimika kutunga maji ya aina mbili: ya kawaida yajizidishayo, na ya mto yasiyojizidisha na yasiyotambaa zaidi ya matofali mawili, maana maji ya kawaida, yakiwekwa katika mto wenye mteremko, huzaana yakafunika kingo.

Toka hapo kasoro nyingine zaeleweka bila ya taabu. Mchezaji hutembea akakuta bahari imesimama wima kama ukuta wa kioo, na nyuma yake bonde kavu. Huyu hudhani dunia yake imeharibika. Sababu ni kwamba maji yaliyotulia hayahesabiwi kabisa: yamelala, na huamshwa tu pale jirani yake anapobadilika. Ardhi nayo hutengenezwa kwa vipande vya michemraba 16 kwa 16, na kipande kilichotengenezwa kwa toleo la zamani kikikutana na kilichotengenezwa kwa toleo jipya, bahari ya kimoja yaweza kupakana na bonde la kingine bila ya mmoja kupata habari za mwenziwe. Weka tofali moja kando ya ukuta huo, na palepale maji huzinduka yakamwagika. Kadhalika, kabla ya toleo la Julai 2018, mchemraba mmoja haukuweza kubeba vitu viwili, kwa hiyo nguzo ya ua iliyosimamishwa baharini ilijizingira kwa mchemraba mzima wa hewa, na kibao cha maandishi kiliweza kulizuia ziwa.

Haya si mambo ya watoto peke yao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao yake makuu Nairobi, lilianza mwaka 2012 kuutumia mchezo huu ili wakazi wapange wenyewe viwanja vyao vya umma, na uwanja wa Silanga huko Kibera ni miongoni mwa vilivyochorwa hivyo. Kwa ukuta, ngazi, benchi na mti, tofali husema kweli. Kwa mtaro wa mvua halisemi kweli, na atakayepima upana wa mtaro kwa kuyatazama maji ya mchezo atapata nyumba iliyofurika.

Turudi kwenye bomba la Handeni, maana hapo ndipo mpwa wangu aliposhindwa kabisa. Mto Pangani hupita Korogwe bondeni, na Handeni iko mita mia kadhaa juu yake. Ndiyo sababu mradi wa HTM wa miaka ya 1970 ulisimama juu ya pampu, na ndiyo sababu mradi mpya wa kuzihudumia Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani, mmoja wa ile ya miji 28 iliyotiwa saini Juni 2022 kwa mkopo wa India, nao hauna budi kuyasukuma maji mlimani. Hata pasipo pampu, maji ya kweli yaliyofungwa katika bomba hushuka korongo moja yakapanda upande wa pili karibu na kimo yalikotoka, kwa kuwa yana uzito na uzito una kani. Maji ya daraja hayana uzito. Yakishuka ndani ya bomba lililopinda hubaki chini, kwani hakuna kanuni hata moja iyaambiayo yapande.

Kijana akajaribu jioni nzima. Mwisho akafanya lile aliloweza: akajaza ndoo mtoni, akapanda kilima kwa miguu, akaimimina kileleni penye Handeni yake, akarudi kuchukua ya pili, akachimba shimo la mawili kwa mawili. Mama yangu alimfuata kwa macho katika safari zote mbili bila ya kusema neno. Kisima kikajaa. Lakini vidaraja alivyokuwa amekwisha kuvichimba ubavuni mwa kilima viliteremka kuelekea bondeni, kwa hiyo maji yakatoka Handeni yakashuka kidaraja kwa kidaraja, michemraba 4 kwa sekunde, hata yakamwagika katika mto Pangani.