Jogoo wa Kwenye Kaseti

Mzee mmoja wa Segese, mkoani Shinyanga, hana bango mlangoni. Kibanda chake kipo nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na mgeni hupita akidhani ni stoo. Ndani kuna kompyuta ya zamani yenye feni inayolalama, deki mbili za kaseti, na maboksi ya viatu yaliyojaa kaseti zilizopangwa kwa utaratibu anaoujua mwenyewe. Vijana wa sokoni wanaingiza nyimbo kwenye memori kadi na fleshi, mamia kwa dakika chache. Yeye bado anabani CD, tena kwa kasi ndogo kabisa inayokubaliwa na programu yake, kwa sababu CD iliyobaniwa mbiombio, anasema, huruka kwenye redio za wazee wenzake.

Ukimwomba wimbo uliotoka mwaka huu, anakuonyesha njia ya kwenda kwa vijana.

Anachouza yeye hakipo dukani popote. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi zilirekodi pale studio, wimbo ukapigwa hewani, kisha utepe ukarudi rafuni. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Bendi iliyotaka santuri iliifuata Nairobi, na Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Kwa mkulima wa pamba wa huku kwetu, njia ilibaki moja: kukaa na redio kaseti saa ya Klabu Raha Leo Shoo, vidole viwili juu ya vitufe viwili, na kuwaomba watoto wanyamaze. Rekodi nyingi za mzee zilizaliwa hivyo. Nyingine zilikuja na watu. Kabla wachimbaji wadogo wa dhahabu hawajaondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, wachimbaji hao, wanaapolo, walimiminika kutoka Kigoma, Kagera, Mara na kwingineko, kila mmoja na begi lake, na ndani ya begi kaseti za kwao. Duara, yaani shimo la mchimbaji, likigoma kutoa, kaseti iliwekwa rehani kwa mama ntilie. Boksi moja zima mzee alilinunua kwa mama wa namna hiyo, aliyechoka kuwasubiri wadeni wake.

Nilipoanza kwenda pale nilidhani kazi ni kuchomeka waya na kusubiri. Kumbe waya ni mwisho wa kazi. Kwanza anaupeleka utepe mbele na kuurudisha nyuma, mara mbili, ili ulegee. Anasafisha hedi kwa pamba na spiriti. Halafu anashika bisibisi nyembamba na kugusa skrubu iliyo pembeni ya hedi, robo ya robo ya mzunguko, huku amefumba macho. Kaseti ilirekodiwa kwenye redio ambayo hedi yake ilikaa upande kidogo; ukiicheza kwenye deki iliyonyooka, sauti inakuja kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Skrubu ikifika mahali pake, blanketi linatoka. Nimelishuhudia hilo mara nyingi na bado hunisisimua.

Kazi ngumu zaidi ni betri. Redio ya kijijini ilirekodi kwa betri, na betri zikichoka utepe ulitambaa. Leo, kwenye umeme, wimbo huohuo unakimbia, na Mbaraka Mwinshehe anaimba kama kijana wa darasa la tano. Kijana wa sokoni angepunguza mwendo wa kaseti nzima kwa kipimo kimoja. Mzee hafanyi hivyo, maana betri haifi ghafla: mwanzo wa upande wa kwanza uko sawa, mwisho wa upande wa pili umeshatoroka. Anapima wimbo mmoja mmoja, kwa sikio, akilinganisha na santuri chache alizonazo. Kaseti ya dakika 90 humla siku mbili. Na kwa kuwa haiingii kwenye CD ya dakika 80, anabani CD mbili na kutoza bei ya moja, kuliko kukata wimbo. Kibiashara ni upuuzi mtupu.

CD zake hazina stempu ya TRA wala stika ya COSOTA. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 anaifahamu, na hajifanyi mtakatifu. Mimi nami sina hamu ya kumtetea kila anayebani CD. Anayenakili kazi iliyotoka jana anamnyang'anya msanii chakula mchana kweupe. Mwanamuziki Marijani Rajab, aliyefariki mwaka 1995, siku zake za mwisho aliishi kwa kuuza kaseti Kariakoo. Nikikumbuka hilo nashindwa kucheka na wauza kopi. Lakini ngoma ya mavuno iliyorekodiwa na mtu aliyesimama katikati ya watu na redio begani, ningi, kiongozi wa nyimbo, akiimba, makundi hasimu ya ngoma za Kisukuma, Bagalu upande huu na Bagika upande ule, nikalipie wapi?

Kaseti moja ya namna hiyo ina jogoo. Anawika katikati ya wimbo, na nyuma yake kuna ule mlio wa utepe, kama mvua ya mbali juu ya bati. Nilimwambia mzee kuna programu za kufuta vitu hivyo. Alinifutia kipande kidogo nisikilize. Mvua ilikatika kweli, ila na njuga za wachezaji zikapotea. Miguu ilitua kimya, kama watu wanaocheza juu ya magodoro.

"Umesikia, mwanangu?" akaniuliza, akarudisha kama ilivyokuwa.

Mwaka jana mama mmoja aliitaka kaseti hiyohiyo. Huyo ningi, mama hakumjali hata kidogo. Alitaka pale baina ya nyimbo mbili, jogoo akishawika, ambapo mwanamke anapaza sauti mbuzi watolewe kwenye mihogo. Mzee alimpigia pale mara nne. Mama alikaa juu ya ndoo, mikono mapajani, hakusema lolote. Kisha akalipa, akachukua CD zote mbili. Nyumbani hakuwa na redio ya CD. Alisema ataitafuta.