Chenonceau: Kasri Lililojengwa Ndani ya Mto

Kasri la Chenonceau, katika eneo la Touraine nchini Ufaransa, limesimama ndani ya mto Cher. Halikujengwa ukingoni likautazama mto. Miguu yake imo majini, na sura yake yote inatokana na jambo hilo. Mwaka 1513 Thomas Bohier, ofisa mkuu wa fedha za mfalme, aliununua uwanja huo kutoka kwa ukoo wa Marques. Aliibomoa ngome yao akaacha mnara mmoja wa mviringo, kisha akasimamisha nyumba mpya juu ya misingi ya mawe iliyokuwa ikibeba kinu chao cha maji. Bohier alikuwa mara nyingi Italia kwa shughuli za vita vya mfalme, kwa hiyo ujenzi ulisimamiwa na mkewe, Katherine Briçonnet, hadi ulipokamilika mwaka 1521.

Kinu ndicho kilichoamua vipimo. Nyumba isingeweza kutanuka zaidi ya misingi iliyoibeba, ndiyo maana ramani yake inakaribia mraba: ukumbi mwembamba katikati, vyumba vinne kuuzunguka. Jiko liliingizwa ndani ya nguzo zenyewe, karibu na maji, na vyakula viliweza kushushwa hapo kutoka mashuani. Minara midogo ya pembeni inakumbusha ngome, lakini hailindi chochote. Ni mapambo ya tajiri aliyetaka kuonekana kabaila.

Ngazi inastahili kutazamwa zaidi. Desturi ya Ufaransa wakati huo ilikuwa ngazi ya kuzunguka ndani ya mnara, mara nyingi nje ya ukuta. Chenonceau ni miongoni mwa nyumba za mwanzo nchini humo kupata ngazi nyoofu ya mtindo wa Italia, inayopanda, ikageuka, ikapanda tena, yote ikiwa ndani ya jengo. Kwa nyumba iliyobanwa na maji pande zake, hilo lilikuwa suluhisho la busara zaidi kuliko pambo lolote la kuta zake.

Baada ya Bohier na mkewe kufariki, ufalme ulilichukua kasri mwaka 1535 kufidia deni. Mfalme Henri II alipotawazwa mwaka 1547 alilitoa kwa kipenzi chake, Diane de Poitiers. Yeye alitaka kuvuka hadi ng'ambo, na kati ya mwaka 1556 na 1559 msanifu Philibert de l'Orme alimjengea daraja la matao lililoanzia nyuma ya nyumba. Henri alikufa mwaka huo huo wa 1559, na mjane wake, Catherine de Médicis, akamlazimisha Diane kubadilishana naye kwa kasri la Chaumont.

Catherine hakulibomoa daraja la mshindani wake. Alilipandishia ukumbi mrefu, uliokamilika mwaka 1576: mita 60 kwa 6, wenye madirisha 18 na ghorofa nyingine juu yake. Juu ya nguzo za daraja, ukuta unatokeza kwa duara, kwa hiyo mdundo wa matao ya chini unaonekana hadi juu. Dari ni la boriti za mbao. Kuba la mawe lingeongeza uzito na kuzisukuma kuta nje, na juu ya daraja hapakuwa na mahali pa kuweka viegemeo. Kuta ni za mawe meupe ya chokaa ya Touraine, laini kuchonga. Catherine alikuwa na mpango mkubwa zaidi, lakini sehemu yake kubwa ilibaki kwenye michoro.

Mwaka 1913 kasri lilinunuliwa na ukoo wa Menier, watengenezaji wa chokoleti. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ukumbi wa Catherine ulitumika kama hospitali ya majeruhi. Kuanzia 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, mto Cher ulikuwa mpaka: mlango mkuu ulikuwa katika eneo lililokaliwa na Wajerumani, na mlango wa kusini wa ukumbi ulifungukia eneo ambalo hawakulikalia hadi Novemba 1942.