Kuhama Leni ni Hesabu ya Muda

Mtazame dereva mzoefu akihama leni kwenye barabara kuu. Usukani unaelekea kidogo upande wa leni mpya, unarudi katikati gari likiwa juu ya mstari, unaelekea kidogo upande wa pili, kisha unanyooka. Gari linalojiendesha hulipata umbo hilohilo kwa hesabu.

Njia inayofundishwa sana ilielezwa mwaka 2010 na Moritz Werling, Julius Ziegler, Sören Kammel na Sebastian Thrun. Mwendo waliupima kutokea kwenye mstari wa kati wa barabara: gari limesonga mbele kiasi gani, na limekaa pembeni kiasi gani. Barabara ikipinda, kipimo kinapinda nayo. Kuhama leni kunabaki swali dogo: kutoka mita 0 hadi mita 3.5 pembeni.

Swali hilo lina masharti sita: mahali, kasi na mchapuko wa pembeni mwanzoni, na vitatu hivyohivyo mwishoni. Polinomia ya kipeo cha tano ina vigawo sita, basi inayatimiza yote, tena bila kumrusharusha abiria.

Kinachobaki kuchaguliwa ni muda. Tuseme gari lina kasi ya kilomita 90 kwa saa. Likihama kwa sekunde 5, litakuwa limekwenda mita 125 mbele, na mchapuko wa pembeni hautazidi takriban 0.8 m/s². Chai haimwagiki. Ukiukata muda hadi sekunde 2.5, mchapuko unafika 3.2, mara nne ya ule wa kwanza, na abiria anashikilia kiti. Ndiyo maana kompyuta huchora mikunjo mingi ya muda tofauti, huitupa inayogongana na magari mengine, huchagua iliyo tulivu bila kuchelewa mno, kisha huanza upya kabla sekunde haijaisha.

Kuufuata mkunjo ni kazi nyingine. Stanley, gari la Chuo Kikuu cha Stanford lililoshinda mbio za jangwani za DARPA mwaka 2005, lilikata usukani kwa kuangalia mambo mawili: limeelekea kando ya njia kiasi gani, na limetoka nje yake umbali gani. Umbali huo uligawanywa kwa kasi. Kosa la nusu mita lililodai kukata kona kwa nguvu mwendo ukiwa wa polepole, lilihitaji mguso tu gari likikimbia.

Hata hivyo, udhibiti hauokoi mpango wa pupa. Muda ukiwa mfupi mno, usukani utatii, lakini tairi zitakataa.